Watoto 412 nyuma ya jina moja

Saa tatu asubuhi, Happy Theonest (27) anaikodolea macho kompyuta ya zahanati moja ndogo kata ya Bisibo, wilayani Biharamulo. Nje, kina mama wamepanga mstari na watoto wao wa chanjo. Rejista inayoonyesha nani amechomwa nini iko tupu.

"Happy mwanangu, watoto wangu wako wapi?" anauliza muuguzi Koleta Benedicto.

"Sijui, mama. Kweli sijui."

Happy ndiye aliyetengeneza programu hiyo, na jana alikuja kuweka toleo jipya. Alianza kwa kunakili folda ya rejista kwenye diski ya nje. Kisha akaendesha skripti yake, yaani orodha ya amri za kusakinisha: ifute folda ya zamani, iweke mpya, tupu, ambayo angeijaza kutoka kwenye nakala. Leo anafungua nakala, hamna hata mtoto mmoja. Kuna jina "rejista" tu.

Namuuliza jina tupu linanakiliwaje. Mimi nimechanganyikiwa kuliko yeye.

"Ile nyumba ya kona tunaiita kwa Kazimili," anajibu, "na Kazimili mwenyewe anaishi mbali, Murukulazo. Mwaka jana diski ilijaa, nikahamishia rekodi kwenye diski ya pili. Hapa nikaacha kiungo, jina linaloelekeza kule. Nikasahau! Jana nilinakili jina. Kazimili sikumnakili."

Na skripti imeshafuta. Watoto 412.

"Nikimrudia aliyekwisha kuchomwa? Nikimruka ambaye bado?" Koleta anauliza.

Happy anafungua diski ya pili, angalau aione hasara yake. Anahesabu. Anarudia kuhesabu.

"Mbona wapo?"

Wote 412. Badala ya kufurahi anaonekana kuogopa zaidi, na zinapita dakika kumi kabla hajaelewa: amri ya kufuta nayo iliishia kwenye jina, kule linakoelekeza haikugusa. Kosa lililomnyima nakala ndilo lililowaokoa watoto.

"Sijui nicheke au nilie," anasema. "Sikuwaokoa mimi."

Mtoto wa kwanza ameanza kulia chumba cha sindano. Happy anapanga kuiandika upya skripti, ionyeshe kila jina linaelekea wapi kabla ya kufuta chochote. Anatumaini ifikapo mwakani zahanati haitahitaji tena kalamu.

Kwa leo, amemnunulia Koleta daftari.