Mashine Yetu ya Kahawa

Asubuhi ile lori lilipokuja Nkoaranga kuchukua mashine yetu ya kumenya kahawa naikumbuka vizuri, mwanangu, na nikiikumbuka damu inanichemka.

Jana nimekusikia ukimwambia mwenzako kwamba ushirika wetu ulikufa kwa uvivu wa wazee. Kaa hapa nikueleze.

Jengo la mashine ile tulilijenga wenyewe. Mama zetu walibeba mawe na mchanga kichwani kutoka mtoni, wakipanda vijia ambavyo wewe ukivipanda mikono mitupu unahema. Sikatai, ushirika ulikuwa na ubaya wake. Malipo yalichelewa, na ukiuliza unaambiwa subiri. Kwa hiyo tulipotangaziwa soko huria, kila mtu auze anakotaka, tulishangilia. Mimi nilikuwa kijana nimeoa juzi tu, nikajiona tayari naezeka nyumba ya bati.

Kumbe mwenyekiti wetu wa ushirika alikuwa ameshaiuza mashine kwa mfanyabiashara wa mjini. Mkutano haukuitwa. Tuliona lori tu.

Bibi Ndeanasia, mjane jirani yetu, akashuka na jembe begani akasimama mbele ya lile lori. Mwenyekiti, aliyekuja na lori hilo, akamsogelea kwa adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Shikamoo yako kaa nayo. Nani kakutuma uuze jasho langu?"

"Bibi, mambo yamebadilika. Sasa hivi ni biashara."

"Biashara ni mtu kuuza cha kwake! Wewe unauza cha kwetu." Akatugeukia sisi vijana tuliosimama pembeni. "Na nyie mnangoja nini? Mpigwe picha?"

Tukajipanga barabarani. Dereva, maskini, hakuwa na ugomvi na mtu. Akageuza lori akaondoka, nasi tukaimba mpaka nyumbani.

Jumapili, wote tukiwa kanisani, lori likarudi. Tulilisikia likiunguruma mteremkoni katikati ya mahubiri. Tulipofika kwenye jengo tulikuta mlango umeng'olewa, mashine haipo, na bolti zimetapakaa sakafuni.

Msimu uliofuata, mwenyekiti yuleyule ndiye alikuwa wakala wa yule mfanyabiashara. Kahawa mbivu ikilala bila kumenywa inaharibika, na mashine ya karibu ilikuwa yao. Wakitaja bei, unakubali. Bibi Ndeanasia alikataa. Aling'oa mibuni yake yote, aliyoipanda na marehemu mumewe, akaweka migomba. Alichimba huku analia. Na wewe unasema uvivu!

Mimi sina ugomvi na soko; ndizi zangu nauza Tengeru mpaka leo. Ugomvi wangu ni na watu tuliowapa dhamana, wakauza kwanza, halafu wakatuambia ndiyo mabadiliko.

Basi nisikilize. Mkutano ukiitishwa, nenda, hata kama mvua inanyesha. Usipoitishwa, udai. Mtu akikuambia nyakati zimebadilika, muulize nani amekubali, na mbele ya nani. Akikasirika, uliza tena, safari hii kwa sauti. Na siku ukipewa uongozi wewe, cha wenzako usikiguse bila wao, hata kama unaona una akili kuwashinda wote.

Mungu akuzidishie miaka, mwanangu. Akupe shamba linalozaa, na majirani wasiokuacha usimame peke yako.