Kusimama Mguu Mmoja na Baba

Nyumbani kwetu Elerai, mimi na mdogo wangu wa kiume tulikuwa tunashindana kwa kila kitu kinachoumiza kidogo. Kutia miguu kwenye mfereji asubuhi, maji yametoka mlimani na baridi yake yote, mpaka mmoja alie. Kuweka loshoro ya moto, ule mseto wa mahindi na maziwa mgando, mdomoni bila kupuliza. Kumtazama mbuzi machoni bila kucheka. Hapo nilikuwa nashindwa kila siku, maana mbuzi wetu mmoja alifanana kabisa na mwalimu wa misheni akihesabu kwa Kidachi, lugha ya Wajerumani.

Ila mchezo mkubwa ulikuwa kusimama mguu mmoja, kama wachungaji wanavyosimama porini, unyayo umebanwa kwenye goti la pili, fimbo mkononi. Tunaanza ng'ombe wa kwanza akiinamia maji. Anayeshusha mguu ameshindwa. Basi, hakuna sheria nyingine.

Mwaka ule mwamuzi alikuwa baba, maana hakuwa na kazi nyingine. Dume lilimkanyaga zizini, likamvunja mguu wa kushoto. Mganga wa mifupa akaufunga kwa vijiti, siku zikapita, akaja kufungua, akasema mfupa umeshika, sasa atembee. Baba hakumwamini. Mimi na mama tukawa tunambeba asubuhi mpaka kwenye kigoda mlangoni, jioni tunamrudisha ndani kama mtungi wa pombe. Hata kuongea alipunguza. Mganga alimwambia mama pembeni kwamba asiposimama kabla ya masika, mguu utakauka, hatasimama tena. Nilisikia, masikio yangu hayana adabu.

Siku moja nikamshinda mdogo wangu, akalalamika kwamba nimegusa chini.

"Hakugusa," baba akasema.

"Baba, unampendelea huyu."

"Wewe umeanguka kwa sababu ulikuwa unatazama kuku."

Nikaona nafasi hapo hapo. "Baba, shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini?" Alijua salamu yangu ya mchana haiji bure.

"Sisi tunajitesa kwa mguu mmoja, na wewe mguu mmoja mzima unao. Mbona hushindani?"

Mama akaacha kutwanga. "Mtoto huyu, mdomo wake..."

Baba hakucheka, hakukasirika. Alinitazama mpaka nikatamani kuyameza yale maneno. Halafu akasema, "Lete fimbo."

Tukamwinua. Mguu wa kulia chini, wa kushoto akaukunja taratibu, akauegesha gotini. Tukajipanga watatu kama korongo. Mdogo wangu hakufika mbali, kicheko chake mwenyewe kilimwangusha. Tukabaki mimi na baba. Ng'ombe wakamaliza kunywa, wakaondoka, sisi bado. Jasho lilimshuka shingoni. Paja langu lilikuwa linawaka. Nilifikiria kujiangusha ili ashinde, lakini yule ni mwamuzi, angejua, na angerudi kukaa.

Fimbo yake ikaanza kutetemeka.

"Shikilia, mzee," nikamwambia. "Mimi hata sijaanza kuchoka."

"Mwongo," akasema. Na akashusha mguu wa kushoto.

Unyayo ulitua kwenye vumbi, vidole vimejikunja, halafu vikajinyoosha kimoja kimoja. Akaupa mguu uzito kidogo, akaongeza, akaongeza tena, na mguu ukakubali. Mama akaanza kutwanga upya, na niliona wazi kinu hakina kitu.

"Baba, umeshindwa," nikasema.

"Nimeshindwa," akajibu, wala hakukaa.

Mdogo wangu akamsogezea kigoda nyuma. Baba akakisukuma kando kwa fimbo, akabaki amesimama kwa miguu yake miwili, anaangalia migomba, anaangalia mlima, kama mtu aliyerudi safari. Kisha akanigeukia.

"Na wewe unangoja nini? Shusha mguu."