Maneno ya Latin Yulu ya Lango Yetu

Asubuhi ile nilikuta chumvi mbele ya mulango ya bibliothèque.

Haikuwa chumvi ya kumwagika kwa bahati mbaya. Ilikuwa mustari, toka ukuta moja mpaka ingine, na ku kitasa bamepaka mafuta ya zeituni. Nilishika, mukono ikateleza.

Nikaita sentinelle, mulinzi wetu. Akaniangalia namna banaangalia mugonjwa ya kuambukiza.

"Mama Marthe, minyi siko ndani ya ile mambo," akasema. Akaenda zake.

Nibaambie kwanza minyi ni nani. Baba yangu alikuwa muntu ya reli, hapa hapa Kamina. Minyi nikaenda kusoma Latin na Grec, ni kusema Kigiriki, ku université, Lubumbashi. Ndiyo, lugha ya bantu balikufa zamani sana. Ndugu zangu balinicheka: "Utaongea na nani?"

Nikafundisha Latin ku secondaire miaka mingi. Kisha bakaifuta ku programme, basi. Mwalimu wa kitu haiko tena, utamufanya nini? Bakanitupa ku bibliothèque ya institut moja, chuo ya hapa mujini. Chunga bitabu, mama.

Nikachunga. Kulikuwa étagère moja, rafu ya bitabu bya Latin na Grec, mapadri ya Kabongo balituachia, ikafika na treni ndani ya masanduku. Hakuna muntu alizigusa isipokuwa minyi. Kila asubuhi, mbele étudiants, banafunzi wetu, bafike, nilisoma Grec kwa sauti ya nguvu, ukurasa moja ao mbili. Lugha usipoisema inakutoroka, na minyi sikuwa na muntu wa kusema naye.

Njo pale mambo ilianzia.

Mama Hawa, anauzisha mikate ku lango, njo aliniambia ukweli.

"Dada, banasema asubuhi unaongea na mashetani. Batoto balisikiliza ku dirisha. Haikuwa Français, haikuwa Kiluba, haikuwa Lingala. Ku kanisa ya Pasta Monga, muntu akisema lugha haijulikane, ni Roho Mutakatifu ao ni shetani. Na weye hausali kwao. Ile chumvi na mafuta ni ya kufukuza shetani yako."

"Ni Grec, Hawa."

"Minyi ni muislamu, usinielezee minyi. Elezea bale. Promotion nzima, darasa yote ya mwaka, ilianguka mu examen, banasema njo weye ulibafunga akili."

Nilicheka, mujue. Nilizani ni upuuzi, itapita.

Haikupita. Étudiants bakaacha kuingia. Pasta Monga akadai bitabu bile bichomwe. DG Yav, mukubwa wetu wa institut, alikuwa karibu kuenda retraite, kustaafu, na hakutaka kelele. Akaita mukutano mu cour, kiwanja ya institut, siku ya posho, ni kusema Jumamosi.

Sikuogopa hata kidogo, juu kulikuwa Kisimba.

Kisimba, secrétaire académique, mukubwa wa pili baada ya DG, alikuwa mwanafunzi wangu. Mutoto ya soldat wa Base, kambi ya jeshi hapa Kamina. Alikuwa anakuya ku masomo na tumbo bule, namupatia bukari, ugali yetu, kwangu, kisha tunafanya Latin ku meza ile ile. Sikupata mwingine kama yeye. Alikuwa anasoma Latin namna bengine banasoma message ku téléphone.

Nikamwendea ku bureau yake. "Kisimba, utabaambia?"

"Madame, ulale na amani. Nitabaambia."

Siku ya posho cour ilijaa. Pasta Monga akatwaa kitabu moja ya Latin, akaifungua, akamupa Kisimba mbele ya bantu bote.

"Monsieur le secrétaire, banasema weye ulisoma hii lugha. Hapa iko inasema nini?"

Nilimuangalia. Macho yake ilipita ku mustari ya kwanza, ikashuka ku ya pili, ku ya tatu. Alikuwa anasoma. Na minyi niliijua ukurasa ile. Ilikuwa mambo ya kufuga nyuki. Nyuki, bandugu.

Lakini kiti ya DG ilikuwa karibu kubaki wazi, na nusu ya comité banasali kwa Pasta Monga. Kisimba alijua hiyo muzuri kuliko minyi.

Akafunga kitabu.

"Latin siijue. Tulikuwa tunakariri tu, bila kuelewa."

Bila kuelewa. Na minyi nimesimama pale.

Bakachoma bitabu yote palepale, na petroli. Nilikaa mpaka mwisho juu nilitaka aniangalie. Hakuniangalia. Nikarudi ku nyumba, nikalia namna sikulia hata baba yangu alipokufa, na sioni haya kuandika hiyo.

Mwaka ilifuata, Yav akaenda retraite na Kisimba akapewa kiti. Bakajenga lango mupya. Sasa musikie jeuri. Comité ikasema université yote ya maana iko na devise ya Latin, maneno yake ya kuongoza, na siye tuweke yetu yulu ya lango. Nani anajua Latin Kamina nzima? Bakaniita. Ile lugha ya mashetani ikawa sasa lugha ya heshima.

Nikaingia mu salle, nikaandika ku tableau, ubao ya ukuta, polepole:

LIBROS USSERUNT QUOS LEGERE NOLUERUNT.

Pasta Monga naye alikuwa ameshaingia mu comité. Akauliza: "Maana yake?"

"Mwenye kusoma anapata mwanga," nikajibu, bila kupepesa macho.

Kisha nikageukia Kisimba. "Ao DG anaona iko na kosa?"

Uso yake ilibadilika. Alikuwa ameshaisoma yote. Ile maneno haisemi kitu juu ya mwanga. Inasema: Balichoma bitabu bile balikataa kusoma.

Angesema nini? Akisema minyi nadanganya, basi Latin anaijua. Na kama anaijua, siku ile ya moto alijua ni nyuki tu. Na Pasta alikuwa amekaa pembeni yake.

"Iko muzuri," akasema.

Bakapiga makofi, bandugu. Bote.

Sasa iko pale, na rangi ya dhahabu. Kila asubuhi Kisimba anapita chini yake na motokari ya institut. Kamina nzima tuko bawili tu tunaielewa, na hatusalimiane.

Munazani nilishinda? Étagère yangu iko na vumbi tu. Asubuhi nafungua kinywa, Grec inaanza kunikimbia. Kuna maneno siyapate tena, na kitabu ya kuangalia haiko.

Basi weye mwenye kufundisha mutoto wa muntu, ushike hii moja. Nilimufundisha Kisimba déclinaison yote tano, namna majina ya Latin inageuka, na verbes, bitendo, mpaka zile za kichwa nguvu. Kusimama mbele ya bantu na kusema "minyi najua", hiyo nilizani itakuya yenyewe.

Haikuya.