Wazungu Walipokosea Tarehe

Nayasema haya mwenyewe kabla hamjayasikia kwa watu wa mtaa wetu wa Mbotela.

Mwaka huu wa tisini na saba, ofisini tunatumia programu ya bure inayounda programu nyingine. Yeyote duniani anaruhusiwa kuirekebisha. Huangalia tarehe za mafaili: ukibadilisha faili, inaona tarehe ni mpya, inaliunda upya. Yangu ikanigomea. Nabadilisha faili, inasema hakuna kipya. Mimi, bingwa wa darasa la jioni la kompyuta, nikajua wazungu walioiandika wamekosea.

Kila umeme ulipopotea na kurudi, kompyuta iliniuliza tarehe. Nilibonyeza Enter bila kusoma. Nani ana muda wa kujibu maswali ya mashine?

Wiki mbili niliandika marekebisho, nikaongeza na njia ya kulazimisha kila faili liundwe upya, nikawatumia wenyewe kwa barua pepe. Kisha nikajigamba kwa Mzee Wafula, karani anayetuchapia kwenye karatasi barua pepe zote zinazoingia ofisini, na ambaye pia ni mzee wa kanisa letu.

Jumapili, wakati wa matangazo, akachomoa karatasi mfukoni. "Simama, kijana wetu! Ng'ambo wamekujibu."

Nikasimama, nikafunga vifungo vya koti. Akasoma akitafsiri: "Asante. Barua yako imetufikia ikiwa na tarehe ya Januari 1980. Programu haina kosa. Tafadhali rekebisha saa ya kompyuta yako."

Mama Mwende, anayeuza kalenda za kanisa, akanigusa bega.

"Pole, mwanangu. Si ungesema tu huna?" Akanipa moja.