Aliyelala Ndiye Aliyesikia Mvua

Mwanangu Kemilembe, swali lililoninyima usingizi mwaka huu lilikuwa fupi: mtu akilala, ni nani anayebaki kusikiliza?

Ukija kusoma haya utashangaa mama mwenye shahada alikosaje jibu la swali kama hilo. Shahada yangu ni ya kupima udongo, na hata huo nilikuwa nikiupima mara tatu nisiamini. Nasaha hutolewa na wenye mvi, najua. Lakini hili nimelijua mapema, na sitaki lisubiri mvi zangu.

Tulikuwa tumepanga chumba mtaani Kashai, mimi na wewe, baba yako akiwa kazini Mwanza. Ulikuwa na mwaka na miezi miwili, umeshaacha ziwa. Kila usiku niliamka kuangalia kama unapumua, nikajilaza kidogo, nikaamka tena. Wiki nzima hivyo. Kisha asubuhi moja jirani yetu, Mama Shakira, aligonga mlango mpaka kitasa kikalegea. Ulikuwa na homa, umelia hadi sauti imekauka, nami nimelala ubavuni pako kama gogo.

"Mama Kemi, ulikunywa nini?" aliniuliza. Hakuwa na ubaya, alitaka kujua kweli. Nilikuwa sijanywa kitu.

Homa yako ilipoa kwa dawa. Mimi sikupoa; karibu miezi miwili nilijilaumu bila kumwambia mtu. Niliona mtu asiyesikia kilio cha mwanawe hafai kuachiwa mtoto, nikakupeleka kijijini Kaagya kwa bibi yako, mama yangu, nikamwambia naenda kutafuta riziki. Alikupokea bila kuuliza mengi. Alisema tu, "Mtoto hawekwi stoo kama gunia la kahawa. Utarudi lini?" Moyoni sikuwa na hakika kama nitarudi kukuchukua.

Nikaenda Muleba, nikavuka kwa boti hadi kisiwani kwa shangazi yangu, Ma Adela, mchuuzi wa dagaa. Kule watu hulala mchana. Wavuvi hurudi alfajiri, dagaa huanikwa juu ya nyavu kuukuu, kisha kila mtu hujitupa penye kivuli. Jenereta inanguruma, baa inapiga muziki, wanawake wanagombania ndoo, na wao wanakoroma. Kazi niliyopewa ilikuwa kulinda dagaa: nifukuze ndege, na mvua ikija nipige kelele watu waje kuanua. Dagaa akilowa kabla hajakauka huwa chakula cha kuku.

Nikajiambia, hapa ndipo nitakapojirekebisha. Sitalala. Nilitafuna akamwani, kahawa yetu ile ya kutafuna, nikakesha siku tatu usiku na mchana. Mvuvi mmoja kutoka Ukerewe, jina lake Masalu, alinitania, "Msomi, ukizidi kuwakodolea macho hivyo, dagaa wataona haya."

Siku ya nne, adhuhuri, nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho wazi, nikiwaza kama bibi yako anafunga dirisha vizuri. Husemwa macho hayana pazia. Yangu siku hiyo yalikuwa na ukuta. Ghafla Ma Adela akatoka mbio kibandani, kanga mkononi. "Anua! Anua!" Ndipo nikaona matone yameshalowesha mikono yangu mwenyewe. Upepo ulikuwa umegeuka zamani. Yeye alikuwa amelala. Dakika chache tu nyuma nilimsikia akikoroma.

Tuliokoa dagaa wengi. Nyavu mbili zililowa.

"Ulikuwa umelala?" akaniuliza.

"Hapana, Shangazi. Nilikuwa macho."

"Bora angelala," akasema Masalu, na watu wakacheka.

Shangazi hakucheka. Alinivuta kibandani, nikamweleza yote, Kashai, kitasa, homa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimeficha miezi miwili. Alinisikiliza huku akikamua kanga yake.

"Umewahi kuona baa ikiniamsha?"

"Hapana."

"Na upepo?"

"Leo umekuamsha."

"Haya. Mtu akilala hafungi nyumba yote. Mlango wa mbele anaufunga, wa nyuma anauacha kwa kile anachokijali. Mimi dagaa. Mama yako, ulipokuwa mdogo, alikuwa akilala radi zinapiga, wewe ukikohoa yuko wima. Ila huyo anayebaki mlangoni naye huchoka. Wiki nzima hukumpa nafasi, akaanguka. Kashai uliponzwa na kukesha, ukausingizia usingizi."

Mwanangu, unanijua. Sikuamini, nikataka kupima. Nikaanza kulala mchana kama wengine, usiku pia, kahawa nikaiacha, na Shangazi akawa analinda mwenyewe. Wiki ya pili, siku moja mchana, nilijikuta nimesimama nje ya kibanda bila kujua kilichoniamsha. Muziki ulikuwa palepale, jenereta palepale. Kisha nikahisi ubaridi shingoni, upepo unatoka upande mwingine. "Anua!" Kinywa changu kilisema kabla ya kichwa kufikiri, na safari hiyo kila mtu alinikuta nimeshakunja wavu wa kwanza. Masalu akanitazama. "Kumbe msomi akilala ndiyo anaamka," akasema.

Kesho yake nilipanda boti ya kwanza. Bibi yako alikuwa akimenya ndizi. Aliniangalia usoni, akasema, "Umelala." Nikamjibu nimekuja kumchukua mwanangu. Akakufunga mwenyewe mgongoni mwangu, akakaza fundo.

Basi nasaha yangu ni hii. Usiuogope usingizi wala usiutukane. Aliyeuita ndugu wa kifo hakuwahi kuanika dagaa. Ukipenda kitu kweli, kitakukuta hata ukiwa umefumba macho. Lakini usijitese kwa kukesha ukidhani ndiyo mapenzi, maana mlinzi asiyepumzika hulinda ndoo aliyoikalia. Na jambo likikusumbua, mwambie mtu kabla ya miezi miwili.

Mungu akujalie moyo unaosikia na usingizi usio na deni. Uamke kwa linalostahili, mengine yapite na muziki wake.

Tumerudi Kashai, wewe na mimi, chumba kilekile. Umeshalala. Nimechomekea chandarua chako, na sasa nami nalala.