Buibui Jeupe la Mama

Juzi mjukuu wangu aliinua picha ya eksirei ya mkono wake dirishani, nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni mtaani kwetu Raskazone, tulipokuwa tukifungasha vyombo kuhamia Mombasa.

Baba alipenda sana kupiga picha. Kabla hatujahama alitupeleka Pangani, akawapiga picha yangeyange kwenye mikoko, kisha akambembeleza mama asimame kivukoni na buibui lake jeusi. Filamu aliisafisha mwenyewe nyumbani, akaitundika ikauke katika chumba kilichonuka siki.

Niliingia peke yangu, nikaitazama kwenye mwanga. Wale ndege weupe walikuwa weusi kama makaa. Uso wa mama ulikuwa mweusi tii, na buibui lake jeupe, kutoka utosini hadi miguuni. Sikujua kuwa filamu hugeuza rangi. Nilichojua ni bibi, siku alipovishwa sanda.

Jikoni mama alikohoa.

Niliivuta filamu, nikakimbia nayo hadi jikoni, nikaitupa kwenye makaa. Ilijikunja, ikatoa moshi mchungu.

"Wachoma nini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Sasa hutakufa," nilimwambia.

Baba hakunipiga. Alikaa juu ya sanduku lililokwisha kufungwa mpaka magharibi.

Mama aliishi hata akanilelea wanangu. Lakini ile ilikuwa picha yake ya pekee; hakukubali tena kupigwa nyingine, na wajukuu wakiniuliza alifanana vipi, nawaeleza kwa mdomo tu.