Kofi la Mzee Tapscott

Enid Tapscott alikuwa na kazi ambayo hakuruhusiwa kumweleza mtu, hata baba yake mzazi. Siku zile michezo ya televisheni ilirushwa papo hapo kutoka studio pale London, na mwigizaji akisahau maneno, kasahau mbele ya nchi nzima. Basi Enid aliketi karibu na kamera, karatasi za mchezo mapajani, kitufe mkononi. Mtu akikwama, anabonyeza, sauti inakatika nchi nzima, anamtajia maneno yake, kisha anaachia. Watazamaji walidhani televisheni zao ni mbovu, na ndivyo wakubwa walivyotaka wadhani.

Sasa, mtu televisheni ikimnyamazia atafanya nini? Ataizaba kofi. Mzee Wilf, baba yake Enid, kondakta wa tramu, yale mabasi ya relini ya mjini, aliyestaafishwa pamoja na tramu zenyewe, aliizaba yake, sauti ikarudi palepale. Wiki iliyofuata akaizaba tena, ikarudi. Lo! Mzee aliyekuwa akishinda na nguo za kulalia akaanza kunyoa ndevu. Majirani waliokuja kutazama kwake wakamwita Daktari. Enid alimwona akienda kununua samaki na chipsi kifua mbele, akafurahi mno, akafunga mdomo.

Mwenye kidomo alikuwa Pargeter, muuza soseji. "Wilf, acha kutufanya wajinga. Hiyo inarudi yenyewe hata ukiikalia."

"Yenyewe? Njoo Jumapili, jirani. Na hao wateja wanaokucheka nyuma ya duka lako waje pia!"

Enid aliposikia hivyo, alianza kuomba mwigizaji yeyote akwame Jumapili hiyo.

Jumapili ikafika, na Lionel Fanshawe, mwigizaji aliyezoea kusahau hata jina la mke wake wa mchezoni, akaja kakariri kila neno! Yanamtoka kama maji ya bomba. Enid akamkodolea macho: kwama, we mzee, kwama basi! Wapi. Mchezo unakaribia kwisha, na kule nyumbani baba anaumbuka mbele ya Pargeter. Enid akabonyeza.

Fanshawe alikuwa anamposa mjane. Akaendelea kuposa, bubu. Enid hakuachia, kwani alimjua baba yake: kwanza atatafuta miwani, kisha atakunja mikono ya shati, halafu lazima ahutubie. Kwa mapenzi tu akampa nafasi ya kutosha. Mjane akaposwa, akakataa, akalia, akakubali, nchi nzima haijasikia kitu, ndipo Enid akaachia.

Alirudi nyumbani mbio. Mzee Wilf alikuwa jikoni, chai imepoa mbele yake.

"Baba, vipi?"

"Usiniulize."

"Hukuizaba?"

"Nimeizaba mpaka mkono umevimba, mwanangu! Kimya. Pargeter akacheka, akacheka mpaka akateleza kwenye zulia, kichwa kikagonga televisheni, pwaa! Sauti hiyo, imerudi."

"Mungu wangu!"

"Sasa eti Daktari ni yeye. Bibi Crump wa jirani ameshamwambia Jumapili ijayo awahi, alete hicho kichwa."

Enid aliona aibu hadi machozi yakamlenga. Asingeng'ang'ania kile kitufe, baba yake angekuwa anaringa saa hiyo.

Jumapili iliyofuata Fanshawe alirudia hali yake, akasahau maneno mapema. Enid akabonyeza, akamtajia taratibu, kisha akaacha kidole palepale, ametulia kabisa. Jumatatu Pargeter aliuza soseji akiwa na bandeji kichwani.